Mke Kufanya Kazi Nje ya Nyumba: Kanisa Linafundisha Nini?



Mpendwa msomaji, katika mafundisho ya ndoa, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na katika vikao vya kusuluhisha wanandoa, kuna swali moja ambalo halikosi kujitokeza: je, ni sawa mke Mkristo kufanya kazi nje ya nyumba? Mume atasema, "Nimeoa ili nikirudi nimkute mke wangu nyumbani." Mke atajibu, "Wazazi wangu waliuza ng'ombe nisome, halafu nikae tu?" Mzee wa jumuiya atafungua barua za Mtakatifu Paulo, katekista atafungua kitabu cha Mithali, na kila upande utaondoka ukiamini kwamba Kanisa liko pamoja nao.

Swali hili si dogo. Zipo ndoa zinazoyumba kwa sababu yake, na wapo watoto wanaolelewa katikati ya ugomvi huo. Sisi mafrateri, Mungu akipenda, siku moja tutakaa ofisini mbele ya watu wawili wanaosubiri neno la padre juu ya jambo hili. Tukijibu kwa haraka "ndiyo" au "hapana", tunaweza kumwongezea mzigo yule ambaye tayari amelemewa. Kwa hiyo makala hii inajaribu kueleza kwa mpangilio: kwanza swali lenyewe limetoka wapi, pili Maandiko yanasema nini, tatu Mababa Watakatifu wamefundisha nini, na mwisho mambo ambayo wanandoa wanaweza kuyapima wao wenyewe nyumbani.

1. Tulielewe swali lenyewe

Katika falsafa tunafundishwa kwamba kabla ya kujibu swali, yachunguze maneno yake. Hapa tuna maneno matatu: kazi, nje na nyumba.

Kwa Wagiriki wa kale, nyumba, yaani oikos, haikuwa kuta na paa tu. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anaielezea kama jumuiya ya watu pamoja na mali, zana na shughuli zinazowawezesha kuishi kila siku. Utunzaji wa nyumba hiyo uliitwa oikonomia, na ndilo neno ambalo lugha za Ulaya zimelichukua kuutaja uchumi. Maana yake ni kwamba mwanzoni uchumi na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Kwa karne nyingi fundi alikuwa na karakana yake nyumbani, mkulima alikuwa na ghala lake nyumbani, na mke na mume walifanya kazi mahali pamoja au karibu. Viwanda vilivyoanza Uingereza katika karne ya 18 na kuenea Ulaya katika karne ya 19 ndivyo vilivyopatenganisha mahali pa kulala na mahali pa kupata mshahara. Hapo ndipo "kazini" na "nyumbani" pakawa mahali pawili tofauti, na hapo ndipo watu wakaanza kuuliza kwa ukali nani aende na nani abaki.

Sasa tutazame kwetu. Mama anaamka alfajiri, anambeba mtoto mgongoni, anatembea kilomita tatu kwenda shamba la mahindi. Akirudi anapitia kisimani, na siku ya gulio anapeleka mchicha na ndizi akauze. Je, mama huyu anafanya kazi ndani au nje ya nyumba? Uchagani, kwa mfano, kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, lakini ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, na ni mama aliyebeba ndizi kwenda sokoni. Hakuna mama aliyeitwa mbele ya wazee kushtakiwa kwamba ameitelekeza nyumba kwa sababu ya kulima au kwenda sokoni.

Kwa hiyo si kweli kwamba mke kufanya kazi nje ya nyumba ni jambo jipya lililoletwa na wazungu. Lililo jipya ni mambo matatu: saa za kazi zinazopangwa na mwajiri, umbali unaohitaji daladala mbili na foleni, na mshahara unaoingia kwenye akaunti yenye jina lake. Jembe halikuzua ugomvi. Mshahara ndio uliouzua.

Nalisema hili si kwa kejeli, bali kwa sababu linatusaidia kutenganisha hoja mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Hoja ya kwanza ni ya watoto: nani atakuwa nao, nani atawalea? Hii ni hoja nzito, na Kanisa linaichukulia kwa uzito mkubwa. Hoja ya pili ni ya fedha na madaraka: mke akiwa na kipato chake, je, ataendelea kunisikiliza? Hoja hii ya pili hupenda kujificha nyuma ya ile ya kwanza. Mume mwaminifu ajiulize moyoni ni ipi hasa inayomsumbua.

2. Maandiko Matakatifu yanasema nini?

Tuanze mwanzo. Katika Mwanzo 1:28 Mungu anawabariki mwanamume na mwanamke kwa pamoja, na anawapa majukumu mawili: kuzaa na kuijaza nchi, tena kuitiisha na kuitawala. Hatusomi kwamba jukumu la kwanza alipewa mwanamke na la pili mwanamume. Baraka ni moja na waliopewa ni wawili. Kulea watoto ni wito wa baba pia, na kuutunza ulimwengu kwa kazi ni wito wa mama pia.

Mithali 31:10-31 inamsifu mke mwema. Tukiisoma polepole tunaona mambo ambayo hatuyatarajii. Mke huyu analiangalia shamba na kulinunua (aya ya 16). Anatengeneza nguo na kuziuza kwa wafanyabiashara (aya ya 24). Anaamka kabla ya mapambazuko kuwaandalia watu wa nyumbani chakula, na wasichana wake wa kazi hawasahau (aya ya 15). Kitabu kinamaliza kwa kuagiza kwamba apewe matunda ya kazi yake na kwamba asifiwe hadharani (aya ya 31). Biblia haioni mgongano kati ya kuipenda nyumba na kufanya biashara.

Katika Agano Jipya tunakutana na Akwila na mkewe Priskila. Matendo ya Mitume 18:2-3 inatueleza kwamba Paulo alikaa kwao Korintho na kufanya kazi pamoja nao, kwa kuwa walikuwa washona mahema. Ndoa hii ilikuwa na kazi, ilikuwa na utume, na nyumba yao ilikuwa mahali pa kukusanyika Kanisa (Waroma 16:3-5).

Lakini vipi kuhusu Tito 2:5, ambapo Paulo anataka wake vijana wafundishwe kufanya kazi za nyumbani? Aya hii tusiikwepe. Neno la Kigiriki lililotumika hapo linamtaja mtu atendaye kazi nyumbani. Halimtaji mtu aliyefungiwa nyumbani. Tukilinganisha na 1 Timotheo 5:13, tunaona kilichomsumbua mtume: uvivu, kuzurura nyumba hadi nyumba na umbeya. Paulo anapinga uzembe. Mke anayeshona mahema hakumkwaza. Alikaa naye na kushona pamoja naye.

Kuhusu utii, wengi huanza kusoma Waefeso 5 kwenye aya ya 22 na kuisahau ya 21, ambayo inawataka Wakristo wote wanyenyekeane kwa kumcha Kristo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Mulieris Dignitatem ya mwaka 1988, alifafanua kwamba katika ndoa unyenyekevu huo ni wa pande zote mbili. Tena mume anaagizwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, naye Kristo alilipenda kwa kujitoa, na usiku wa Alhamisi Kuu alijifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu.

3. Mababa Watakatifu wamefundisha nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa juu ya jambo hili yamekua hatua kwa hatua. Ni vizuri kuyajua yote, kwa sababu wapo wanaochukua sentensi moja ya zamani, na wapo wanaochukua sentensi moja ya karibuni, na kuifanya kuwa fundisho lote.

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliandika wakati ambapo wanawake na watoto walikuwa wakitumikishwa viwandani kwa saa nyingi na ujira mdogo. Alisema kwamba kuna kazi zisizomfaa mwanamke, na kwamba kwa asili yake anafaa zaidi kazi za nyumbani. Tukisoma maneno hayo tukumbuke mazingira yake: alikuwa akimtetea mama aliyekuwa akinyonywa.

Papa Pio XI aliendelea. Katika Casti Connubii ya mwaka 1930 aliukataa uhuru wa kiuchumi ambao mke anaendesha mambo yake bila mume kujua na kinyume cha matakwa yake, akiisahau familia. Mwaka 1931, katika Quadragesimo Anno, aliongeza jambo ambalo mara nyingi halitajwi: ni uovu mkubwa mama kulazimika kutafuta ujira nje ya nyumba na kuacha watoto kwa sababu tu mshahara wa baba hautoshi. Hapa lawama haiendi kwa mama. Inamwendea mwajiri na mfumo unaomlipa baba mshahara usiotosha kulisha familia.

Mtakatifu Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliona kwamba wanawake kutambua hadhi yao na kudai haki zao nyumbani na katika jamii ni mojawapo ya alama za nyakati. Alifundisha kwamba mwanamke ana haki ya mazingira ya kazi yanayolingana na mahitaji na wajibu wake kama mke na mama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 52, uliyaweka mambo matatu pamoja: watoto wanahitaji sana uwepo hai wa baba, watoto, hasa wadogo, wanahitaji matunzo ya mama nyumbani, na hayo yote yasiwe sababu ya kudharau maendeleo halali ya wanawake katika jamii. Angalieni kwamba Mababa wa Mtaguso walimtaja baba kwanza.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mengi zaidi. Katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alieleza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mwanadamu, na si mwanadamu kwa ajili ya kazi. Katika namba ya 10 anasema kwamba kazi ndiyo inayowezesha maisha ya familia. Kwa lugha ya darasani tungesema: kazi ni njia, familia ni lengo, na njia inayoliharibu lengo lake imepotoka. Kanuni hii inamhusu baba sawa na mama. Baba anayeondoka watoto wamelala na kurudi wamelala, na siku ya mapumziko hakai nyumbani, naye ameigeuza njia kuwa lengo. Katika namba ya 19 Papa anadai mshahara unaotosha familia, au posho kwa mama anayejitoa kikamilifu kulea, na anadai kazi ipangwe ili mwanamke asilazimike kulipia maendeleo yake kwa kuacha umama wake.

Mwaka huohuo, katika Familiaris Consortio namba 23, alifundisha kwamba usawa wa hadhi na wajibu kati ya mwanamume na mwanamke unahalalisha kikamilifu wanawake kushiriki kazi za umma. Papo hapo akasema ni lazima tuivunje fikra inayompa mwanamke heshima kubwa kwa kazi ya nje kuliko kwa kazi ya nyumbani. Katika Barua kwa Wanawake ya mwaka 1995 aliwashukuru wanawake wafanyakazi, akadai ujira sawa kwa kazi sawa na ulinzi kwa akina mama walio kazini.

Mwisho, Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliikataa hoja kwamba matatizo ya familia za leo yametokana na ukombozi wa wanawake. Alisema hoja hiyo ni ya uongo na ni sura mojawapo ya mfumo dume (namba 54). Alikumbusha pia kwamba mtoto anamhitaji mama, hasa miezi ya kwanza ya maisha yake (namba 173), na kwamba mume akishika kazi za nyumbani kulingana na ratiba ya kazi ya mkewe hapungukiwi uanaume wake (namba 286).

Tukijumlisha, fundisho la Kanisa linasimama juu ya mafiga matatu. La kwanza: mke ana haki ya kufanya kazi nje ya nyumba. La pili: mama asilazimishwe na umaskini kwenda nje na kuwaacha watoto wadogo, na kazi yake ya nyumbani iheshimiwe kama kazi. La tatu: nyumba ni ya wawili, hivyo baba naye anaibeba. Ukitoa figa moja, sufuria inaanguka.

4. Figa la pili: "Mimi ni mama wa nyumbani tu"

Katika utambulisho wa jumuiya mara nyingi tunasikia mama akisema, "Mimi sina kazi, ni mama wa nyumbani tu." Neno hilo "tu" linapingana na mafundisho ya Kanisa. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inasema katika kifungu cha 10 kwamba kazi ya mama nyumbani ni lazima itambuliwe na kuheshimiwa kwa thamani yake kwa familia na kwa jamii.

Inafurahisha kwamba sheria ya nchi yetu imefika mahali hapohapo kwa njia yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na inaiagiza mahakama, inapogawa mali ya ndoa, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Kupika, kufua na kulea, mambo ambayo mume aliyaona ni "kukaa tu", mahakama iliyaita kazi. Ni aibu kwetu Wakristo ikiwa mke anasubiri mahakama na talaka ili kazi yake ihesabiwe.

Figa hili lina upande mwingine pia. Wapo akina mama ambao hawaendi nje kwa kupenda. Mama lishe anayewasha moto saa kumi usiku, akimwacha mtoto wa miezi mitatu kwa jirani, hafuati ndoto ya kazi; anafuata unga, karo na marejesho ya mkopo. Kumwambia mama huyu "rudi nyumbani ulee" bila kuuliza kuhusu kipato cha nyumba hiyo ni kumrudishia lawama ambayo Pio XI aliipeleka kwingine. Kwa walio ajirani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ya kazi. Baba anapewa angalau siku 3. Mama wa genge hana hata moja kati ya hizo. Na pale ambapo Kanisa lenyewe ni mwajiri, katika shule, zahanati na ofisi zetu, haki hizi tuzitoe bila kusubiri kukumbushwa. Hatuwezi kuhubiri familia altareni na kuibana ofisini.

5. Figa la tatu: nani anaibeba nyumba?

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha jambo. Tuchukue mfano wa kawaida. Mume na mke wote ni waajiriwa. Wote wanarudi saa moja jioni, wote wamechoka. Mume anavua viatu, anakaa kusubiri taarifa ya habari. Mke anaweka pochi, anafunga kanga, anawasha jiko, anakagua daftari za watoto, anaosha sare, na saa tano usiku ndiye wa mwisho kulala na saa kumi na moja alfajiri ndiye wa kwanza kuamka. Mke huyu hajatoka kwenye kazi ya nyumbani kwenda kwenye kazi ya ofisini. Ameongezewa ya pili juu ya ya kwanza. Akianza kuchoka, kukasirika au kusahau, tunasema, "Mnaona? Kazi imemharibu." Kumbe kilichomharibu si kazi ile aliyoichukua, bali ni ile ambayo hakuna aliyempokea.

Kanuni ya 1135 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inasema kwamba wanandoa wana wajibu na haki sawa katika yale yanayohusu ushirika wa maisha ya ndoa. Kanuni ya 1136 inawapa wazazi, wote wawili, wajibu mzito sana na haki ya kwanza ya kuwalea watoto. Hakuna kanuni inayosema kwamba baba anatoa fedha na mama anatoa vingine vyote. Ni kweli kwamba mtoto mchanga anamhitaji mama kwa namna ambayo baba hawezi kuichukua. Lakini kuosha vyombo hakuhitaji maziwa ya mama, wala kumsaidia mtoto hesabu, wala kumpeleka kliniki.

Katika nyumba nyingi za mjini, badala ya baba kuingia jikoni, anatafutwa dada wa kazi. Yeye ndiye anayebaki na watoto, na mara nyingi ni binti mdogo aliyetoka kijijini. Hatuna budi kuuliza: uhuru wa mama mmoja umejengwa juu ya mabega ya nani? Mke mwema wa Mithali aliwakumbuka wasichana wake wa kazi kabla jua halijachomoza. Dada wa kazi naye alipwe kwa haki na kwa wakati, apumzike, apate nafasi ya kusali Dominika, na asiwe mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Familia ya Kikristo haiwezi kusuluhisha tatizo lake kwa kumwonea mnyonge.

6. Watakatifu waliotutangulia

Je, yote haya yanawezekana? Kanisa limetupa mifano. Mtakatifu Zelia Martin (1831-1877), mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alikuwa na biashara ya kufuma lesi huko Alençon, Ufaransa. Alizaa watoto tisa na kuwazika wanne wakiwa wadogo. Biashara ilipokua, mwaka 1870 mumewe Luis, aliyekuwa fundi saa, aliliachia duka lake na kushika shughuli za biashara ya mkewe. Kwa wakati ule na mahali pale haikuwa kawaida, lakini Luis hakuona aibu. Zelia katika barua zake hafichi kwamba lesi ile ilimchosha; utakatifu haukumwondolea uchovu. Wawili hao walitangazwa kuwa watakatifu pamoja mwaka 2015.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla (1922-1962) alikuwa daktari nchini Italia. Alifungua kliniki huko Mesero mwaka 1950, akafunga ndoa na mhandisi Pietro Molla mwaka 1955, na aliendelea kuwatibu wagonjwa akiwa mke na mama. Tunamfahamu zaidi kwa kuyatoa maisha yake ili mtoto wake wa nne azaliwe. Lakini kabla ya siku hizo za mwisho kulikuwa na miaka ya kawaida ya kliniki, jiko na watoto, na hiyo nayo ni sehemu ya utakatifu wake.

7. Maswali manne ya kujiuliza wawili

Mimi sijaoa, na njia ninayoifuata si ya ndoa. Kwa hiyo siwezi kumpangia mtu ratiba ya nyumba yake. Lakini kutokana na mafundisho tuliyoyaona, wanandoa na wachumba wanaweza kukaa pamoja na kujiuliza maswali haya manne. Mapadre na makatekista wanaweza kuyatumia pia katika mafundisho ya ndoa, wakiwauliza wote wawili, siyo bibi harusi peke yake.

La kwanza: uamuzi umefanywa na nani? Mke asiende kazini kwa siri wala asizuiwe kwa amri. Kama kuna uhamisho wa kikazi kwenda mkoa mwingine, mazungumzo yaanze kabla ya barua kufika, na iulizwe pia kama ni mume anayeweza kuhama kumfuata mwenza wake.

La pili: watoto watakuwa na nani, hasa miaka ya kwanza? Jibu litaje majina na saa. "Tutaona" si jibu.

La tatu: kazi za nyumbani zinagawanywaje? Ziorodhesheni zote, hata zile zisizoonekana, kama kukumbuka siku ya chanjo. Halafu kila moja iandikwe jina la mtu. Mume akiona orodha ndefu kuliko alivyodhani, huo ni mwanzo mzuri.

La nne: fedha zinajulikana? Kuna usemi wa mtaani kwamba fedha ya mume ni ya wote na ya mke ni yake mwenyewe. Si wa Kikristo. Wala si Kikristo mume kuishika kadi ya benki ya mkewe. Onyo la Pio XI juu ya mambo yanayoendeshwa kwa siri bado lina maana leo, katika nyumba ambazo mmoja anakopa mkopo wa kausha damu na mwenzake anaujua siku wanapokuja kuchukua makochi. Wajibu wa kutunza familia haujaondolewa mabegani mwa mume eti kwa sababu mke ana mshahara, na mke mwenye mshahara hajaondolewa katika umoja wa nyumba.

Hitimisho

Ndugu msomaji, tukiulizwa tena, "Je, mke Mkristo anaruhusiwa kufanya kazi nje ya nyumba?" jibu la Kanisa ni ndiyo, anayo haki hiyo, na anayo haki pia ya kubaki nyumbani na kuheshimiwa. Lakini tusiishie hapo. Tumgeukie na mume tumwulize swali ambalo huwa haulizwi: wewe unafanya kazi gani ndani ya nyumba? WAWATA wamekuwa wakijadili mambo haya kwa muda mrefu. Ingefaa UWAKA nao wayaweke kwenye ajenda, kwa sababu nusu ya jibu iko mikononi mwao.

Familia Takatifu ya Nazareti, ituombee.